Kimbunga hakili joto la juu tu: maji ya chini ndo yanaamua

Kila msimu wa vimbunga wa Atlantiki ukikaribia utaona zinasambaa zile ramani za bahari zilizojaa rangi nyekundu, na watu wanaandika chini yake kwamba bahari imechemka, mwaka huu hali itakuwa mbaya. Ramani yenyewe haina kosa. Shida ni kwamba inaonyesha yale maji ya juu kabisa peke yake, na kimbunga kikubwa kikishafika pale hakikai na hayo maji ya juu hata siku moja, kinayakoroga, kinayavuruga, kinavuta yaliyo chini yaje juu, kwa hiyo joto unaloliona kwenye ramani leo asubuhi sio joto ambalo kimbunga kitalikuta chini ya kitovu chake usiku. Swali la maana kuliko yote ni hili: chini ya hayo maji moto kuna nini?

Tuanze na msingi maana bila huo mengine hayaeleweki. Kimbunga kinaendeshwa na joto la bahari, na sehemu kubwa ya joto hilo inapanda ikiwa imefichwa ndani ya mvuke. Maji yanageuka mvuke, mvuke unapanda, ukifika juu kwenye baridi unakuwa mawingu na mvua na hapo ndo lile joto linaachiwa, hewa ya katikati inapata joto, presha ya hewa pale chini juu ya maji inashuka, upepo unavutwa kwa nguvu zaidi kuingia ndani, na upepo ukizidi na mvuke nao unazidi, basi inaendelea hivyo hivyo kujilisha yenyewe. Na bahari ina hazina ya kutisha ya joto. Kupasha mita 3 tu za juu za bahari kwa nyuzi moja kunataka joto karibu sawa na la kupasha kwa nyuzi moja hewa yote iliyopo juu yake mpaka mwisho wa anga. Mwaka 1948 mtaalamu wa Finland, Erik Palmén, alishaonyesha kwamba vimbunga vinazaliwa pale ambapo maji ya juu yamefika nyuzi 26 au 27 hivi, na mpaka leo nyuzi 26 ndo alama ambayo wataalamu wanaitumia kama mpaka.

Sasa watu wengi wanaishia hapo. Wanajua 26, wanaangalia ramani, wanaona 29 au 30, wanapiga hesabu.

Ila upepo wa kimbunga ukipita juu ya maji unayasukuma, maji ya juu yanaanza kukimbia kwa kasi wakati ya chini yametulia, na pale yanapokutana yanayokimbia na yaliyotulia panatokea msuguano na mvurugiko mkubwa, maji baridi ya chini yananyanyuliwa yanachanganyika na ya juu. Huu mchanganyiko ndo unaosababisha sehemu kubwa ya kupoa kwa bahari wakati wa kimbunga. Watu wengi wanadhani bahari inapoa kwa sababu kimbunga kimenyonya joto, kweli kinanyonya, lakini hiyo ni sehemu ndogo, kazi kubwa inafanywa na kukorogwa. Pia kuna maji yanayopanda moja kwa moja katikati kwa sababu upepo unayatawanya ya juu kwenda pembeni, hii inakuwa na nguvu hasa kimbunga kikienda taratibu.

Matokeo yake nyuma ya kimbunga kunabaki njia ya maji yaliyopoa, mara nyingi kati ya nyuzi 1 na 6, na kwenye kizio cha kaskazini hii njia haiko katikati, imeegemea upande wa kulia wa mwelekeo wa kimbunga. Sababu ni nzuri sana na inafaa kuielewa. Dunia inavyozunguka inaifanya mikondo ya maji ipinde kuelekea kulia, na ukisimama upande wa kulia wa kimbunga kinachopita, upepo nao unabadilika mwelekeo kwa kugeukia kulia vile vile, kwa hiyo upepo na mkondo vinageuka pamoja, upepo unaendelea kuusukuma mkondo ule ule bila kuupinga, mkondo unapata kasi, mvurugiko chini unazidi. Upande wa kushoto vinapingana. Kusini mwa ikweta kila kitu kinageuka, upande wa kushoto ndo unaopoa zaidi.

Njia hii ya baridi inaweza hata kumdhuru anayefuata nyuma. Mwaka 1998 kimbunga Bonnie kilipita Atlantiki kikaacha maji yaliyopoa, siku chache baadaye kimbunga kingine, Danielle, akapita juu ya maji yale yale na nguvu zake zikashuka. Setelaiti ya TRMM ya Marekani na Japani iliuona ule mkanda wa baridi kupitia mawinguni, kwa sababu ilikuwa na kipimo cha maikrowevu. Vipimo vya kawaida vya infraredi mawingu yanaviziba kabisa, na kimbunga ni mawingu matupu, kwa hiyo kwa miaka mingi bahari ilikuwa inafichika wakati ule ule inapohitajika kuonekana.

Kupoa kunakouma ni kule kunakotokea chini ya kitovu na ukuta wa mawingu unaokizunguka, maana pale ndo kimbunga kinapochukua joto lake kubwa. Mahesabu ya kinadharia yanaonyesha maji ya pale yakishuka kwa nyuzi 2.5 tu yanatosha kuzima kabisa chanzo cha nishati. Nyuzi mbili na nusu! Ndo maana mwendo wa kimbunga una maana kubwa. Kinachokimbia kinakuwa kimeshahama kabla maji hayajapoa vizuri, baridi inabaki nyuma yake. Kinachotambaa kinakaa juu ya baridi iliyotokana na upepo wake chenyewe.

Hapo ndo kina kinapoingia. Chukua sehemu mbili za bahari zote zina nyuzi 29 juu. Ya kwanza maji moto yanaishia mita 30, chini yake ni baridi. Ya pili maji yenye zaidi ya nyuzi 26 yanashuka mpaka mita 100 na zaidi. Kwenye ramani ziko rangi moja. Joto la juu ni kama hela iliyopo mfukoni na joto la chini ni akiba, wawili wanaweza kuwa na noti sawa mfukoni lakini mmoja akitumia leo kesho hana kitu na mwingine anaenda kutoa tena. Kimbunga kikikoroga ile sehemu ya kwanza kinaletewa baridi, kikikoroga ya pili kinaletewa maji moto mengine.

Mwaka 1972 watafiti wawili, Leipper na Volgenau, wakiichunguza Ghuba ya Mexico, walichapisha njia ya kuhesabu hii akiba: unajumlisha joto lote lililozidi nyuzi 26, kuanzia juu mpaka kwenye kina ambapo maji yanafika nyuzi 26, unapata jibu kwa kilojuli kwa kila sentimita ya mraba ya bahari. Ikizidi 50 au 60 hivi wataalamu wanaanza kuwa makini. Kwenye mikondo yenye maji moto ya kina kirefu inapita 100.

Na Ghuba ya Mexico ni mahali pazuri pa kujifunzia hili maana maji yake hayafanani hata kidogo. Kuna mkondo unaoitwa Loop Current, unaingia na maji moto ya Karibi kupitia kati ya Yucatan na Cuba, unapanda kaskazini, unakunja, halafu unatokea upande wa Florida na kwenda kuungana na mfumo wa Gulf Stream, ule mkondo mkubwa wa maji moto wa Atlantiki. Mara nyingine mkunjo wake unajikata, linabaki duara kubwa la maji moto linalozunguka lenyewe, upana unaweza kufika kilomita 200 au 300, linasogea taratibu kuelekea magharibi kwa miezi mingi. Ndani ya duara hilo maji moto yanashuka chini sana kuliko maji ya jirani. Mwisho wa kiangazi ukiangalia joto la juu huoni tofauti yoyote, ghuba nzima inaonekana imekolea joto sawa.

Kimbunga Opal, Oktoba 1995, alipita juu ya duara la namna hiyo. Presha yake ikaanguka kutoka milibari 965 mpaka 916 ndani ya saa 14 hivi, usiku wa kuamkia tarehe 4. Watu wa pwani ya Florida walilala wakijua kuna kimbunga cha kawaida wakaamka kinakaribia kategoria ya 5, ile ya juu kabisa kwenye kipimo cha 1 mpaka 5 cha nguvu za vimbunga, barabara zikafurika magari, watu wakakwama kwenye foleni. Bahati Opal alipungua nguvu kabla ya kutua karibu na Pensacola akiwa kategoria ya 3. Lile tukio liliwashtua watabiri kwa sababu joto la juu peke yake halikuwa linatoa dalili ya kitu kama kile, na wanasayansi waliporudi kuangalia data za setelaiti wakalikuta lile duara pale pale alipopatia nguvu. Miaka 10 baadaye, 2005, Katrina akapita juu ya Loop Current na kufika milibari 902, wiki chache mbele Rita naye akafika 895. Wote wawili walipungua mpaka kategoria ya 3 walipotua, na moja ya sababu ni kwamba walishatoka kwenye yale maji ya kina kirefu, ingawa sio sababu pekee, hewa kavu na mabadiliko ya ukuta wa kitovu navyo vilikuwemo.

Unaweza kuuliza setelaiti inaonaje joto la chini wakati miale haipenyi maji. Hapa mimi huwa navutiwa sana. Maji yakipata joto yanatanuka, kwa hiyo nguzo ya maji yenye joto mpaka chini inakuwa ndefu kidogo kuliko nguzo ya maji baridi, na uso wa bahari juu ya duara la maji moto unakuwa umenyanyuka makumi ya sentimita kuliko pembeni yake. Setelaiti kama TOPEX/Poseidon ya Marekani na Ufaransa iliyorushwa 1992, na zilizoifuata mpaka Sentinel-6, zinatuma rada chini, zinapima muda inachukua kurudi, zinapata urefu wa uso wa bahari kwa usahihi wa sentimita chache. Yaani unapima kinundu cha maji ukiwa zaidi ya kilomita 1,300 juu na kutoka hapo unakadiria joto lililoko mita 100 chini. Siku hizi ramani za hiyo akiba ya joto zinatengenezwa kila siku.

Sasa geuza upande wa pili, bahari inavyoweza kuua kimbunga. Agosti 2011 Irene alikuwa anapanda pwani ya mashariki ya Marekani kuelekea New Jersey na New York. Njia yake ilitabiriwa vizuri sana, nguvu zake zikatabiriwa kubwa kuliko zilivyokuja kuwa. Kule kwenye bahari ya kina kifupi ya pwani ile, wakati wa kiangazi kunakuwa na tabaka jembamba la maji moto juu, na chini yake kuna maji baridi yaliyobaki toka msimu wa baridi, hayaonekani kabisa kwenye ramani. Chuo Kikuu cha Rutgers kilikuwa na glaida majini, kile chombo kisicho na mtu kinachopanda na kushuka kikipima, na data zake zikaonyesha maji ya juu yalishuka karibu nyuzi 5, na sehemu kubwa ya kupoa huko ilitokea kabla kitovu hakijafika. Hilo ndo la muhimu, maana kupoa kunakobaki nyuma hakumsumbui yeye lakini huku kulimtangulia mbele. Upepo wa mbele ulisukuma maji ya juu kuelekea nchi kavu, ya chini yakarudi kinyume kuelekea baharini, matabaka mawili yakisuguana yanakwenda pande tofauti, baridi ikapanda. Kwenye bahari ya kina kirefu hii haiwi hivi.

Usije ukadhani basi maji ya kina kifupi yanalinda pwani kila mara. Michael, Oktoba 2018, alitua Florida akiwa kategoria ya 5 na upepo wa kilomita 260 kwa saa. Mwezi mmoja kabla, dhoruba Gordon ilikuwa imepita karibu na pale, ikakoroga maji ya pwani ikashusha joto mpaka chini, halafu likaja wimbi la hali ya hewa ya joto likapasha tena maji ya juu. Michael alipofika kukawa hakuna baridi ya kukoroga, maji yalikuwa ya moto toka juu hadi chini. Harvey wa 2017 naye alikuta hali ya kufanana na hiyo pwani ya Texas. Mahali ni pale pale, mwezi mmoja tofauti, na jibu ni jingine kabisa.

Chumvi nayo ina neno lake. Mito ya Amazon na Orinoco inamwaga maji matamu mengi mno yanayosambaa juu ya Atlantiki mpaka maeneo ya Karibi, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi yanakaa juu kama tabaka lisilotaka kuchanganyika na maji ya chumvi yaliyo chini yake. Kimbunga kikija kukoroga kinapata shida kuleta baridi juu, hivyo joto linabaki. Utafiti uliochapishwa 2012 ulikuta kwamba vimbunga vinapopita kwenye maeneo yenye matabaka ya aina hii vinaongezeka nguvu kwa kiwango cha karibu asilimia 50 zaidi kuliko kwenye maeneo yasiyo nayo. Ghuba ya Bengal ina hali hii pia kwa sababu ya mito yake mikubwa na mvua za monsuni.

Mfano wa karibuni unaonikaa kichwani ni Melissa, Oktoba 2025. Alikuwa anatambaa, kasi ya mtu anayetembea, na kwa yote niliyoeleza hapo juu ungesema huyu atajizima mwenyewe. Lakini Karibi ya magharibi ndo sehemu yenye akiba kubwa kuliko zote za Atlantiki, maji moto yanashuka zaidi ya mita 100, akakoroga na kukoroga na yaliyopanda yalikuwa bado ya moto, akatua Jamaica akiwa kategoria ya 5. Mwendo wa taratibu ambao mahali pengine ungemmaliza, pale uliwaongezea watu mvua na masaa ya mateso.

Utabiri una sehemu mbili ambazo watu wanazichanganya, njia na nguvu. Njia inaamuliwa zaidi na mikondo mikubwa ya hewa inayokisukuma kimbunga, na humo maendeleo ni makubwa, makosa ya utabiri wa siku 3 siku hizi yanakaribiana na ya siku 1 ya mwaka 1990. Nguvu ilibaki nyuma kwa miaka mingi, kwa sababu inategemea mambo madogo madogo ndani ya kitovu pamoja na hiki kitu kinachojificha chini ya maji. Modeli za zamani, yaani zile programu za kompyuta za kutabiri, ziliichukulia bahari kama sakafu yenye joto lisilobadilika, kimbunga kinapita juu yake na hakuna kinachopoa, kwa hiyo modeli ilikuwa inatengeneza vimbunga vikali mno pale ambapo bahari halisi ingepoa. Mwaka 2001 modeli ya GFDL ya Marekani ilianza kutumika rasmi ikiwa imeunganishwa na modeli ya bahari, anga na maji vinaongea, upepo unakoroga na bahari inajibu. Baadaye ikaja HWRF mwaka 2007, na toka 2023 ipo HAFS. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kule Miami kinatumia pia modeli za kitakwimu kama SHIPS, ambayo akiba ya joto la bahari ni moja ya vitu inavyoviangalia.

Ila modeli ya bahari ikianzishwa na bahari isiyo ya kweli inaweza kupotosha. Duara la maji moto likiwekwa kilomita 100 pembeni ya lilipo, kimbunga kwenye kompyuta kitapita kwenye maji ya kawaida wakati kile halisi kinaenda kunenepa. Ndo maana kuna maboya karibu 4,000 ya Argo duniani, yanashuka mpaka mita 2,000 na kurudi juu kila siku 10 kutuma vipimo, kuna glaida zinazopelekwa kwenye njia za vimbunga kabla na wakati wa msimu, na ndege za NOAA, idara ya bahari na anga ya Marekani, zinadondosha vipimo vinavyozama vikituma joto la kila kina mpaka mamia ya mita. Anayesema hizo ndege zinaenda kuangalia upepo tu amekosa nusu ya kazi yake.

Na bahari haiwezi yote. Maji yawe moto namna gani, upepo wa juu ukiwa unavuma tofauti sana na wa chini kimbunga kinapasuliwa, hewa kavu ikiingia inakichosha. Akiba kubwa ya joto inatoa nafasi, anga ndo inaruhusu itumike. Zote mbili zikikubali ndo unapata ile kuongezeka nguvu ghafla, ambayo wataalamu wanaihesabu kuanzia pale upepo unapoongezeka kwa kilomita 55 kwa saa ndani ya masaa 24. Otis, Oktoba 2023, aliipita hiyo karibu mara tatu kabla ya kutua Acapulco, pwani ya Pasifiki ya Mexico, akiwa kategoria ya 5, na modeli karibu zote zilikuwa zimemdharau.

Sehemu ngumu iliyobaki ni pale pale maji na hewa vinapogusana. Ilidhaniwa zamani kwamba upepo ukizidi na msuguano wake na bahari unazidi bila kikomo, mpaka vipimo vilivyodondoshwa toka kwenye ndege vilipoonyesha, kwenye utafiti wa 2003, kwamba upepo ukifika kama mita 33 kwa sekunde msuguano unaacha kupanda. Kwa upepo huo uso wa bahari unakuwa umefunikwa povu na matone yanayoruka, huwezi tena kusema hapa maji yameisha hapa hewa imeanza, na hayo matone yanabeba joto na unyevu kwa namna ambayo modeli bado zinabidi zikadirie. Kupeleka meli yenye watu pale haiwezekani. Tarehe 30 Septemba 2021 chombo cha Saildrone kisicho na mtu kiliingizwa ndani ya kimbunga Sam katikati ya Atlantiki, kikarekodi video na vipimo kwenye mawimbi ya mita 15 na upepo wa zaidi ya kilomita 190 kwa saa, na toka hapo vyombo vya namna hiyo vimekuwa vinapelekwa kila msimu vikapime pale juu wakati glaida inapima chini yake, ili ule mpaka mmoja upimwe pande zote mbili kwa wakati mmoja.